Feni zinazunguka, skrini giza tii

Kama umefika hapa saa nane ya usiku, kompyuta uliyoiunda kwa mikono yako iko mezani ubavu wazi, feni zinazunguka ziii, taa zinabadilika rangi kama ukumbi wa harusi, lakini skrini inakwambia haipati ishara yoyote kisha inajizimia, fanya jambo moja kwanza: zima, chomoa umeme ukutani, ukanywe maji. Hakuna kilichoungua. Au tuseme karibu hakuna. Katika mashine mpya zote nilizowahi kuitwa kuziangalia zikiwa na ugonjwa huu, ni moja tu iliyokuwa na kifaa kibovu kweli, na hicho chenyewe kilikuwa pawa saplai (kisanduku kinacholisha mashine umeme) ya mtumba. Zilizobaki zote zilikuwa nzima. Wenye matatizo tulikuwa sisi.

Nasema sisi kwa sababu ya kwangu ilinitesa siku 11.

Naishi Nyakato, hapa Mwanza, na riziki yangu ni kuhariri video za harusi na sendofu. Laptopu niliyokuwa nayo ukiipa video ya saa tatu ilihema kama mtu anayepanda kilima cha Bugando saa saba mchana. Nikaamua kujiundia kompyuta ya mezani. Kwa miezi mitano nilinunua kimoja kimoja: prosesa ya Ryzen 5 5600G, mazabodi ya B550 (bodi kuu ambayo vifaa vyote huchomekwa), RAM mbili za GB 8 (vibao vya kumbukumbu), SSD (diski), pawa saplai, kasha. Vingi vilitoka Kariakoo, vikapanda basi, nikavipokea stendi ya Nyegezi na kurudi navyo nyumbani juu ya bodaboda nikiwa nimevikumbatia kama mzazi aliyetoka kliniki.

Kitu pekee ambacho sikununua ni skrini. Nilikuwa na ya zamani ya inchi 19, iliyotolewa ofisini kwa shemeji yangu, yenye tundu moja tu, lile la bluu la VGA. Mazabodi yangu ilikuwa na HDMI na DisplayPort, basi. Kwa hiyo nilipopita mjini nikanunua waya, upande mmoja HDMI, upande wa pili VGA, Sh 8,000. Ikumbuke hiyo waya.

Jumamosi nikaiunda. Saa mbili usiku nikabonyeza kitufe. Feni zikazunguka, kibodi ikawaka, familia nzima imesimama nyuma yangu. Skrini giza tii. Mmoja mmoja wakaondoka kwa adabu, wakarudi kwenye tamthilia yao.

Nilichofanya baada ya hapo ni kile anachofanya kila mtu mwenye hofu: kugusagusa. Nikachomoa RAM, nikairudisha. Giza. Nikaihamishia sloti nyingine. Giza. Nikatoa ile betri ya duara inayotunza saa, nikairudisha. Giza. Rafiki yangu mmoja akanipigia simu akaniambia kwa uhakika kabisa kwamba haileti picha kwa kuwa sijaweka Windows. Nikamwamini hadi saa sita usiku. Naomba hilo nilizike hapa hapa: kompyuta haihitaji Windows wala diski yoyote ili ilete picha. Ikiwa nzima bila diski, itakuonyesha nembo ya bodi, au ukurasa wa BIOS (programu ndogo inayokaa ndani ya bodi yenyewe), au itakulalamikia kwamba haijaona pa kuanzia. Lakini itakulalamikia kwa maandishi, na maandishi hayo utayaona.

Jumapili usiku nikaendelea na madirisha wazi kwa sababu ya joto. Mnaoishi karibu na ziwa mnajua kitakachofuata. Wadudu wale wadogo wa ziwani wakafuata taa, wakajaa mezani, na mmoja nikamtoa kwa kibanio ndani ya sloti ya RAM. Fundi wa Dodoma hawezi kukwambia hili, ila mimi nakwambia: ukiunda kompyuta Mwanza usiku, funga madirisha uvumilie jasho. Usiku huo huo nikaona kitu ambacho, laiti ningekielewa, kingeniokolea siku tisa. Nilibonyeza kitufe cha Caps Lock kwenye kibodi, kataa kake, yaani taa yake ndogo, kakawaka. Nikabonyeza tena, kakazima. Nikafikiri, afadhali kibodi ni nzima. Nikaenda kulala.

Jumatatu nikafikia hukumu: mazabodi mbovu. Nikaifungua yote, nikaifunga kwenye boksi lake, nikaipeleka stendi, ikarudi Dar es Salaam kwa basi, zaidi ya kilomita elfu moja. Muuzaji akaijaribu kwa prosesa yake na RAM yake, Alhamisi akanitumia video ya sekunde ishirini: picha safi kabisa. Hakusema neno baya, ila ile "Bosi, iko poa" yake ilikuwa na uzito. Ijumaa akaipakia. Jumapili nikaiunda upya. Giza tii.

Siku ya 11, Jumanne, nikalibeba kasha zima pamoja na skrini hadi kwa mzee mmoja, fundi wa redio na TV, karibu na Makoroboi. Si fundi wa kompyuta. Nilimwendea kwa kuwa alikuwa na kifaa cha kupimia umeme na mimi nilikuwa nimeanza kuishuku pawa saplai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Imekufa au imelala?"

Nikamweleza kwa urefu. Akasikiliza huku akilehemu kitu cha mtu mwingine. Nilipomaliza akaishika ile waya, akaigeuzageuza.

"Hii umewahi kuona picha inapita ndani yake?"

"Ni mpya, mzee."

"Sijakuuliza umri wake."

Akachukua king'amuzi kilichokuwa mezani kwake, kizima, kilichokuwa kinaonyesha taarifa ya habari kwenye TV ya mteja. Akachomoa, akakiunga kwenye skrini yangu kwa waya yangu. Giza tii. Akakirudisha kwenye TV, habari zikaendelea. Dakika mbili hazikufika. Siku 11 nilikuwa nahoji mazabodi, prosesa, RAM na pawa saplai, na hakuna hata siku moja niliyoihoji waya.

Hapa ndipo hadithi nyingi za aina hii huishia: waya mbovu, tukabadilisha, tukafurahi. Yangu haikuisha hapo, na ndiyo sababu nimekaa kuandika. Mzee aliunga kompyuta yangu kwenye ile TV kwa waya ya kweli ya HDMI, ile ile iliyokuwa inaleta habari sasa hivi. Tukawasha.

Giza.

Ningekuwa peke yangu ningesema, basi waya haikuwa tatizo, na ningeirudisha ile ya Sh 8,000. Mzee akanishika mkono. Akasema, "Hii TV na hii waya zimethibitika. Zisiguswe tena. Sasa tunatafuta huku." Akaelekeza bisibisi kwenye kasha. Nikainama na tochi ya simu, nikabonyeza kila kitu kwa zamu, nikafika kwenye RAM. Upande wa juu wenye kibano ulikuwa umefunga. Upande wa chini, ambao kwenye bodi yangu hauna kibano kabisa, ulikuwa umekaa juu kama unene wa kucha. Nikabonyeza kwa kidole gumba mpaka nikaogopa. Kap! Tukawasha. Baada ya kama nusu dakika TV ya mteja wa watu ikaonyesha nembo ya mazabodi yangu. "Wabeja, mzee," nikamshukuru kwa Kisukuma, na nusura nimkumbatie.

Nilikuwa na makosa mawili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo ulipokuwa mtego. Jumamosi ile, katika kuchomoa na kurudisha, bila shaka kuna wakati niliikaza RAM sawasawa. Kataa ka Caps Lock Jumapili kalikuwa kananiambia hivyo: mashine ilikuwa imeamka, inafanya kazi, inatuma picha, na picha inafia kwenye waya. Lakini kwa kuwa sikuona mabadiliko, nikahitimisha kwamba RAM si tatizo, nikaihamisha tena, na nilipoiunda upya bodi ilipotoka Dar sikuikaza. Ukiwa na kosa moja, mtindo wa "jaribu, haikusaidia, rudisha ilivyokuwa" unafanya kazi. Ukiwa na mawili, mtindo huo unakuzungusha mpaka uchanganyikiwe, kwa sababu kila unaporekebisha moja la pili linalificha.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniita siendi kwenye RAM kwanza, ingawa kila mtu husema anza na RAM. Naanza na macho ya mashine, yaani skrini na waya, na nayathibitisha kwa kitu kisicho kompyuta. King'amuzi kiko karibu kila nyumba hapa mjini, na kina HDMI. Kikileta picha kwenye skrini yako kwa waya yako ile ile, hizo mbili zimepita mtihani, usizifikirie tena. Kisipoleta, angalia kwanza kama skrini imechaguliwa tundu sahihi, maana skrini yenye VGA na HDMI pamoja inaweza kuwa inasikiliza tundu ambalo hukuunga kitu. Kama huna king'amuzi, beba kompyuta hadi kwenye TV ya jirani. Mama jirani yangu ameshazoea. Huniuliza tu kama tutamaliza kabla ya mechi.

Kuhusu hizo waya za HDMI kwenda VGA, nieleze kidogo kwa kuwa nusu ya Mwanza tunatumia skrini za ofisi za mtumba. HDMI husafirisha picha kama tarakimu. VGA husafirisha picha kama mawimbi ya umeme yanayopanda na kushuka. Ni lugha mbili tofauti, na waya tupu haiwezi kutafsiri hata ukiivuta vipi. Lazima katikati kuwe na konveta, kile kidude chenye chipu ndani inayofanya tafsiri. Waya nyembamba isiyo na kidude chochote, pini hapa na pini pale, mara nyingi ni shaba tupu. Na konveta nazo zina upande: inayotoa HDMI kwenda VGA haifanyi kazi kinyume, kwa hiyo dukani sema wazi kwamba kompyuta ndiyo yenye HDMI na skrini ndiyo yenye VGA, kisha omba waiwashe mbele yako. Yangu niliinunua Sh 20,000. Adapta ya DVI (tundu jingine la picha) kwenda VGA nayo ina mtego wake. Kadi nyingi za picha za kuanzia 2016 hivi, kama zile za GTX 1000 au RX 580, tundu lao la DVI halitoi kabisa mawimbi ya VGA, hivyo adapta ile ya bei nafuu haina cha kuchukua.

Macho yakithibitika, iulize mashine kama iko hai. Unga kibodi ya waya, washa, subiri dakika moja, bonyeza Caps Lock. Kataa kakiitika, ujue imeamka na tatizo liko kwenye njia ya picha: tundu, kadi ya picha, au ulikounga waya. Kakigoma, basi imekwama mapema zaidi. Sasa tafuta taa ndogo kwenye bodi yenyewe. Bodi nyingi za sasa zina taa nne, kila moja ina neno pembeni yake: CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA, BOOT. ASUS wanaziita Q-LED na MSI wanaziita EZ Debug. Ukiwasha hupita moja baada ya nyingine, na itakayoganda inakuonyesha bodi imekwama kwenye kifaa gani. Zangu zilikuwepo siku zote 11, zimefunikwa na ule mkanda mnene wa nyaya za umeme wenye pini 24! Sikuziona kwa sababu sikujua kuna kitu cha kuona. Neno VGA hapo halimaanishi lile tundu la bluu, linamaanisha kadi ya picha. Na taa ikiganda kwenye BOOT wakati skrini ni nyeusi, bodi imeshamaliza kupima prosesa, RAM na kadi, inatafuta diski tu, kwa hiyo rudi kwenye waya na tundu. Bodi isiyo na taa inaweza kulia kwa milio, lakini kispika chake kidogo siku hizi mara nyingi hakiji nayo, ukinunue pembeni, na maana ya milio iko kwenye kitabu cha bodi yako, kwa kuwa kila mtengenezaji wa BIOS ana milio yake.

Kama taa inasema DRAM au hakuna taa kabisa, ndipo unapopunguza. Watu hufanya kinyume, huongeza: wanaazima RAM ya pili, wananunua kadi, wanaongeza feni. Toa. Toa diski, toa nyaya za USB za mbele, toa kadi ya picha kama prosesa yako ina picha yake yenyewe, acha RAM moja. Ibaki bodi, prosesa na feni yake, RAM moja na pawa saplai. RAM hiyo moja iweke kwenye sloti ya pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa, maana ndiyo bodi nyingi zenye sloti nne hupendelea. Zikiwa mbili ni ya pili na ya nne. Sikiliza ule mlio wa kap. Nguvu inayotakiwa ni kubwa kuliko moyo wako unavyokuruhusu, na kama bodi ina kibano upande mmoja tu, usikitazame kibano, tazama upande usio nacho.

Bado giza? Iangalie kona ya juu kushoto ya bodi. Pale kuna tundu la pini 8, au 4 kwa bodi ndogo, la umeme wa prosesa peke yake. Huu mkanda mkubwa wa pini 24 haulishi prosesa. Ukisahau ule mdogo, feni zitazunguka, taa zitawaka, na hutapata kitu. Nimekuta hivyo mara tatu, mara mbili kati yake kwa watu waliokuwa wameshaagiza bodi nyingine. Na usichukue waya ya pini 8 ya kadi ya picha ukailazimisha hapo. Zinafanana kwa mbali, lakini mpangilio wa umeme ni tofauti, na umbo la pini limetengenezwa likukatalie. Likikukataa, likubali. Vivyo hivyo, zile pawa saplai ambazo nyaya zake hutoka zote, usichanganye nyaya za moja na za nyingine hata kama zinaingia.

Hapa ndipo nilipokutana na ile pawa saplai mbovu ya kweli. Ilikuwa ya mtumba, yenye swichi nyekundu nyuma iliyoandikwa 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Mwenye nayo aliikuta iko 115 na hakujua swichi ni ya nini. Ililia paa! mara moja tu, ikanuka, ikaisha. Bodi ilinusurika. Ukinunua ya mtumba iangalie hiyo swichi kabla hata hujatafuta tundu la ukutani.

Wakati mwingine kila kitu ni sahihi ila ndani ya kasha ndipo pabaya. Mazabodi hukaa juu ya vinguzo vidogo vya shaba ili mgongo wake usiguse bati. Kikibaki kinguzo kimoja mahali ambapo bodi yako haina tundu la skrubu, kinachoma mgongo wa bodi na kuunganisha umeme pasipostahili. Njia ya kujua ni kuitoa bodi nje, kuilaza juu ya boksi lake la karatasi, na kuiwasha hapo hapo kwa kugusisha ncha ya bisibisi kwenye zile pini mbili ambazo waya ya kitufe huingia. Iweke juu ya boksi, si juu ya ule mfuko wake wa kung'aa, kwa kuwa nje ya mfuko ule kunaweza kupitisha umeme. Ikiwaka nje na kugoma ndani, tatizo ni kasha. Nimeipenda sana njia hii kiasi kwamba siku hizi siingizi bodi kashani kabla sijaona picha ikiwa juu ya boksi.

Kuna giza ambalo si ubovu wala si uzembe wa mikono, ni la kununua. Kijana mmoja anayesoma Malimbe aliniita akiwa amekonda kabisa. Kila kitu alikipanga vizuri kuliko mimi. Prosesa yake ilikuwa Core i5-12400F. Ile F mwishoni ndiyo kila kitu: prosesa za Intel zenye F hazina picha ndani yake, zinataka kadi, na yeye alichagua hiyo kwa kuwa ilikuwa nafuu kuliko isiyo na F. Kwa AMD, zile za soketi ya AM4 kama Ryzen 5 5600 au 3600 hazina picha, zenye G kama yangu zinayo. Mashine yake ilikuwa nzima asilimia mia moja na haingeleta picha hata angeisomea dua. Tukatafuta kadi ya mtumba. Na ukiwa na kadi, waya ya skrini iingie kwenye kadi, si kwenye bodi. Hilo halihitaji maelezo, ila nimelikuta mara nyingi kuliko mengine yote.

Mwingine ni mwenye steshenari wa Igoma aliyenunua Ryzen 5000 mpya kwa bodi ya B450 iliyokaa dukani miaka. Zinaendana, lakini bodi ilikuwa na BIOS ya zamani iliyoandikwa kabla prosesa hiyo haijazaliwa, kwa hiyo haikuitambua. Mambo kama hayo yapo pia kwa Intel, bodi ya H610 ya mwanzo ukiipa prosesa ya kizazi cha 13. Dawa ni kuboresha BIOS. Bodi zenye kitufe cha kufanya hivyo kwa flashi zinaweza bila prosesa kuamka: flashi iwe FAT32, faili lipewe jina ambalo kitabu kinasema, liingie kwenye tundu lililowekwa alama. Zisizo na kitufe hicho, azima prosesa ya zamani inayokubalika. Na kwa umeme wetu huu, ukifanya kazi hiyo bila UPS unacheza kamari, maana ukikatika katikati unaweza kubaki na bodi isiyojua ni nini. Sisi tulifanya saa tano asubuhi, na jenereta ya duka la jirani ikiwa tayari.

Kama umeingia kwenye AM5, soketi ya AMD iliyofuata AM4, na RAM za kizazi cha DDR5, nakuomba uvumilivu. Mara ya kwanza bodi hizo huketi zikipima RAM taratibu, skrini ikiwa nyeusi, kwa dakika kadhaa. Watu huona dakika mbili zimepita wanazima, na wakizima kazi inaanza upya. Washa, kaangalie dagaa jikoni, rudi baada ya robo saa.

Na mashine ikishaleta picha, kisha ikasafiri, hesabu kwamba ni mpya tena. Niliunda moja ya mteja wa Nansio, ikafanya kazi mezani kwangu siku mbili bila tatizo. Ikapanda meli, ikashuka, ikapanda bodaboda, na usiku akanipigia: giza. Nikamwelekeza kwa simu afungue ubavu. Kadi ya picha ilikuwa nzito na ilikuwa imeinuka kutoka kwenye sloti yake upande mmoja. Akaikaza, picha ikaja. Sasa kila kompyuta inayovuka maji natoa kadi, naifunga peke yake, na mwenye mali anaibeba mapajani.

Ukifika mwisho wa haya yote na bado hakuna kitu, ondoa prosesa utazame pini kwa tochi. Kwenye AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe, kwenye AM5 na Intel ziko kwenye soketi ya bodi, na moja iliyopinda inatosha kuzima kila kitu. Usizinyooshe na mikono inayotetemeka. Zaidi ya hapo inahitajika mtu mwenye vifaa vya kubadilishia, na ukimwendea, mwambie ulichothibitisha badala ya unachoshuku. "King'amuzi kinaleta picha kwa waya hii, Caps Lock haiitiki, taa imeganda DRAM, nimebakiza RAM moja sloti ya pili." Sentensi hiyo inamwokolea saa nzima, na wewe inakuokolea pesa ya saa nzima. Piga picha namba za vifaa vyako kabla hujaviacha kwake, na kaa hapo hapo kama anakuruhusu.

Mzee wa Makoroboi alikataa kuchukua pesa siku ile. Akasema hajatengeneza kitu, amewasha king'amuzi tu. Jumamosi iliyofuata nikampelekea sato wawili kutoka Mwaloni, akawapokea bila ubishi.

Ile waya ya Sh 8,000 bado ninayo kwenye droo. Nimeifunga fundo katikati, nisije nikasahau nikamwazima mtu.